Kujua nafasi yako ya chuo kikuu: tumeweka kwenye mizani vikokotoo vya klasta, saiba za Mombasa na lango la KUCCPS

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, yakishatoka Januari, mabango hayakawii kuonekana kwenye milango ya saiba (maduka ya intaneti), kuanzia Mwembe Tayari hadi Mtambo wa Bamburi na ng'ambo ya feri Likoni: "KUCCPS hapa", "Jua klasta yako", "Tunachagua kozi". KUCCPS ndicho chombo cha serikali kinachowapangia wanafunzi nafasi za vyuo kupitia lango lake la mtandaoni, na klasta ni pointi zinazoamua nani anapata kozi gani. Kwenye simu kuna vikokotoo vya bure vya pointi hizo chungu nzima. Kwenye magrupu ya WhatsApp wapo wanaojiita washauri, ambao ukiwatumia kitu kidogo watakuambia kama mtoto atapata Udaktari Nairobi au aelekee kwingine. Tunazitathmini huduma hizi kwa pamoja kwa sababu mwanafunzi wa hapa huzitumia kwa pamoja. Anakokotoa kwenye simu, anauliza kwenye grupu, kisha anaishia kwenye kiti cha saiba siku mbili kabla ya lango kufungwa.

Maoni yetu tunayatoa mapema. Kikokotoo cha simu kinafaa kwa kupata picha tu. Mshauri wa WhatsApp anauza kitu ambacho mwenye matokeo tayari anacho. Nambari ya kweli iko kwenye lango la KUCCPS lenyewe. Saiba nayo inastahili hela yake pale tu mhudumu anapojua kupanga machaguo sita ya kozi ambayo mwanafunzi hujaza kwenye lango, na wa namna hiyo si wengi.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo bidhaa yenyewe. KCSE hutolewa pointi kwa gredi: A ni 12, A- ni 11, B+ ni 10, na hivyo hivyo mpaka E ambayo ni 1. Masomo saba yakijumlishwa, jumla ya juu kabisa ni 84. Kila kozi ya digrii iko ndani ya kundi linaloitwa klasta, na kila klasta ina masomo manne yanayoangaliwa, kwa hiyo jumla ya juu kabisa ya masomo hayo ni 48. Fomula inayozunguka kila mahali inachukua jumla ya masomo manne na kuigawa kwa 48, inachukua jumla ya masomo saba na kuigawa kwa 84, inazidisha majibu hayo mawili, inatafuta kipeuo cha pili, kisha inazidisha kwa 48. Basi. Kikokotoo chochote unachokiona kwenye simu kinafanya hayo na si zaidi ya hayo, hata kama kimepambwa kwa picha za majoho na kofia za mahafali.

Tumchukue mwanafunzi wa kubuni mwenye matokeo ambayo si mageni katika shule za Pwani: Hesabu B, Kiingereza C+, Kiswahili A-, Biolojia B+, Kemia C+, Jiografia B+, Somo la Dini ya Kiislamu A na Biashara A-. Hana Fizikia. Anataka Sheria.

Jumla yake ya masomo saba ni ngapi? Hapa ndipo vikokotoo vingi vinapoanza kuchemsha. Kuanzia KCSE ya 2023, gredi ya wastani inatokana na Hesabu, lugha moja, na masomo mengine matano aliyofanya vyema zaidi. Kabla ya hapo ilikuwa lazima kuhesabu Kiingereza, Kiswahili, Hesabu, sayansi mbili, somo moja la kundi la tatu (Historia, Jiografia au Dini) na jingine moja. Kwa utaratibu wa sasa mwanafunzi wetu ana Hesabu 9, Kiswahili 11, Dini 12, Biashara 11, Biolojia 10, Jiografia 10, na la saba ni Kiingereza au Kemia, yote 7. Jumla 70. Kwa utaratibu wa zamani Jiografia inaachwa nje, Kiingereza na Kemia zote zinaingia, na jumla inakuwa 67. Gredi ya wastani ni B+ kwa vyovyote, kwa hiyo mtumiaji haoni kasoro yoyote. Lakini pointi za klasta tayari zimeguswa.

Klasta ya Sheria inataka Kiswahili au Kiingereza. Hesabu au somo la sayansi. Somo la kundi la tatu, yaani Historia, Jiografia au Dini. Na la nne kutoka sayansi, somo la pili la kundi la tatu, au makundi ya nne na ya tano, ambako ndiko iliko Biashara. Kwa mwanafunzi wetu ni Kiswahili 11, Biolojia 10, Dini 12 na Biashara 11: jumla 44. Ukitumia 70, jibu ni 41.95. Ukitumia 67 ya zamani, jibu ni 41.04. Karibu pointi nzima imepotea kwa sababu mwenye programu hajaigusa tangu utaratibu ulipobadilika. Kwenye kozi za ushindani, pointi moja ni umbali mkubwa.

Si hilo tu. Vipo vikokotoo vinavyoshikilia Hesabu kwenye nafasi ya pili ya Sheria bila kuangalia kama sayansi ingefaa zaidi; hapo mwanafunzi wetu anapata 41.47. Vipo vinavyodhani lugha ni Kiingereza peke yake, na kwa Kiingereza chake cha C+ anashuka hadi 40.00 kamili, ilhali Kiswahili chake cha A- kimekaa tu pembeni. Na vipo vinavyokosea kwa upande wa kufurahisha, vinavyolihesabu somo moja mara mbili: Dini ikaingia kama somo la kundi la tatu, kisha ikarudi tena kama somo la nne. Jibu linakuwa 42.43, mtoto analala na tabasamu. Somo likishatumika kwenye nafasi moja ya klasta halirudi kwenye nyingine.

Kasoro nyingine inayowagusa sana watu wa huku ni orodha ya masomo. Baadhi ya programu zinaweka CRE (Dini ya Kikristo) pekee kwenye kundi la tatu na kuisahau IRE (Dini ya Kiislamu), au hazina Kiarabu kabisa kwenye kundi la tano. Mwanafunzi mwenye A ya Dini na B+ ya Kiarabu analazimika kuweka masomo mengine yaliyo dhaifu na anaona nambari ya chini kuliko haki yake. Kama IRE na Kiarabu havipo kwenye orodha, achana na kikokotoo hicho. Kuandika gredi ya IRE kwenye sehemu ya CRE kunaleta jibu lile lile kihesabu, lakini aliyesahau masomo hayo huenda kasahau na mengine.

Kuna namna mbili za kukipima kikokotoo kabla ya kukiamini, na hazichukui hata dakika tano. Ya kwanza: weka B kwenye masomo yote. Jibu la klasta yoyote lazima liwe 36 kamili, kwa sababu gredi zikiwa sawa fomula hurudisha jumla ile ile ya masomo manne. Vivyo hivyo C+ kote hutoa 28, na A kote hutoa 48. Kikileta 35.7 au 36.4, kimeharibika. Ya pili: weka masomo manane, saba yawe na B na Kiingereza kiwe E, kisha chagua klasta ambayo Kiingereza hakihitajiki. Kikokotoo kinachofuata utaratibu wa sasa kitakuacha kwenye 36, kwa sababu lugha inayohesabiwa itakuwa Kiswahili. Kinachofuata utaratibu wa zamani kitakushusha hadi 33.64.

Kikishinda mitihani yote miwili, bado kina udhaifu ambao hakuna mtengenezaji anayeweza kuuondoa. KUCCPS haitumii gredi peke yake. Hesabu yake inatokana na viashiria vya ufaulu vinavyotengenezwa kutoka kwenye alama zenyewe za mtihani, na alama hizo hazipo kwenye karatasi ya matokeo. Wanafunzi wawili wenye B+ ya Biolojia, mmoja aliyeponea chupuchupu na mwingine aliyekaribia A-, kwenye kikokotoo ni sawa. Kwenye mfumo si sawa. Ndiyo maana nambari ya simu na nambari ya lango hazilingani, na tofauti inaweza kuwa pointi kadhaa. Anayekuambia kikokotoo chake ni "sahihi asilimia mia" hajui anachokiuza, au anajua na anakuona mshamba.

Lango lenyewe

Lango la wanafunzi la KUCCPS ndilo kipimo cha kweli, na tatizo lake kubwa ni muda. Matokeo yanatoka Januari, lango linafunguliwa baadaye kabisa. Pengo hilo ndilo soko la washauri. Mzazi ana hamu, mtoto ana wasiwasi, nambari rasmi haipo, basi yeyote mwenye nambari anaonekana mtaalamu. Ushauri wetu kwa kipindi hicho ni kutumia kikokotoo kilichopita mitihani ile miwili, kuandika majibu kwa penseli, na kutomlipa mtu.

Kuingia kunahitaji nambari ya mtihani ya KCSE, mwaka wa mtihani, na neno la siri ambalo mwanzoni huwa ni nambari ya cheti cha kuzaliwa au ya KCPE iliyotumika kujisajili. Lione hilo kwa makini: yeyote mwenye nakala ya karatasi zako mbili anaweza kufungua akaunti yako. Saiba iliyokuchapishia cheti cha kuzaliwa na matokeo wiki iliyopita ina kila kitu. Kwa hiyo jambo la kwanza baada ya kuingia ni kubadilisha neno la siri, na jambo la pili ni kuweka nambari ya simu na barua pepe zako mwenyewe.

Ukishaingia utaona pointi zako za klasta kama zilivyokokotolewa na mfumo, na kwa kila kozi utaona kiwango cha mwisho cha miaka iliyopita. Hapa lango linastahili sifa. Kulinganisha ni rahisi, na utafutaji wa kozi kwa klasta au kwa chuo unafanya kazi vizuri hata kwenye simu ya kawaida. Linapopungukiwa ni kwenye maelezo. Halikwambii kiwango cha mwisho ni kitu gani, na watu wengi wanakielewa vibaya.

Kiwango cha mwisho hakipangwi na chuo kabla ya watu kuomba. Ni pointi za mwanafunzi wa mwisho aliyepata nafasi mwaka ule. Chuo kinatangaza nafasi ngapi kina uwezo nazo, waombaji wanapangwa kuanzia wa juu, nafasi zikiisha mstari unachorwa hapo. Mwaka unaofuata waombaji ni wengine na mstari unahama. Na umekuwa na sababu ya kuhama: waliopata C+ na zaidi, ambayo ndiyo gredi ya chini ya kuingia digrii, walikuwa 173,127 katika KCSE ya 2022, wakawa 201,133 mwaka wa 2023, na 246,391 mwaka wa 2024. Mtu anayekuonyesha kiwango cha miaka mitatu nyuma na kukuambia "umepita" anasoma ramani ya mji uliokwishajengwa upya.

Kozi yenye nafasi nyingi, tuseme Ualimu kwenye chuo kikubwa, kiwango chake hutikisika kidogo. Kozi yenye nafasi chache huruka: wanafunzi wachache wenye pointi za juu wakiipenda ghafla, mstari unapanda kwa kishindo, na mwaka unaofuata unaweza kushuka kwa sababu watu wameogopa. Kwa hiyo usiangalie mwaka mmoja. Angalia miaka yote iliyoonyeshwa, na kama nambari zinapanda mfululizo, chukulia mwaka huu zitapanda tena. Kozi mpya isiyo na historia ni bahati nasibu kwa pande zote mbili. Mara nyingine ndiyo mlango ulio wazi kwa sababu hakuna anayeiona.

Kipimo tunachokitumia, ambacho ni maoni yetu wala si kanuni ya KUCCPS, ni hiki: pointi za lango zikizidi kiwango cha mwaka uliopita kwa mbili au zaidi, kozi hiyo ihesabu kama ya uhakika wa kutosha. Tofauti ikiwa ndani ya pointi moja juu au chini, ni pata potea. Ukiwa chini kwa zaidi ya mbili kwenye kozi za ushindani kama Udaktari, Sheria au Uhandisi kwenye vyuo vikongwe, unaitupa nafasi.

Lakini kabla ya kupima pointi kuna sharti ambalo vikokotoo karibu vyote havilitazami: gredi ya chini kwa kila somo. Rudi kwa mwanafunzi wetu. Akijaribu klasta ya Udaktari kwa Biolojia 10, Kemia 7, Hesabu 9 na Kiswahili 11, kikokotoo kitamwambia 38.47 na huenda kikamwekea alama ya kijani kwenye vyuo fulani. Haiwezekani. Udaktari unataka B kwenye Kemia, na yeye ana C+. Hata angekuwa na pointi 47, mlango umefungwa. Uhandisi nao umefungwa, kwa sababu unataka Fizikia na yeye hakuifanya. Mtu anayefaa kulipwa kwa ushauri ndiye anayeanza hapo: anachukua karatasi ya matokeo, anafuta kwanza kozi zote ambazo gredi za masomo hazikubali, ndipo anaanza kuzungumzia pointi. Ukimwona mhudumu anakimbilia pointi moja kwa moja, huyo ni mpiga chapa, mlipe kama mpiga chapa.

Saiba

Kazi ya saiba ni halali na kwa familia nyingi ni ya lazima, kwa sababu si kila nyumba ina kompyuta, na kujaza machaguo kwenye simu yenye kioo kilichopasuka ni kualika makosa. Wanaotoza shilingi 200 hadi 500 juu ya ada ya KUCCPS hatuna ugomvi nao. Ikizidi hapo, uliza unalipia nini hasa.

Ada ya maombi yenyewe imekuwa shilingi 1,500, na hulipwa kupitia eCitizen, lango la huduma za serikali, kwa paybill 222222. Soma kiasi kwenye skrini kabla ya kulipa, tumia nambari ya akaunti ambayo mfumo umekutolea, na lipa kutoka simu ya mzazi au yako. Usimtumie mhudumu pesa kwenye nambari yake "akulipie". Si kwamba wote ni wezi. Shida ni kwamba malipo yakikwama, ujumbe wa M-Pesa unakuwa kwenye simu ya mtu ambaye ana wateja wengine thelathini nyuma yako, na mfumo unataka uthibitisho leo.

Makosa ya saiba hayabadiliki mwaka hadi mwaka. Mhudumu anaweka barua pepe ya duka kwenye akaunti zote ili kazi iende haraka. Miezi baadaye mwanafunzi anataka kubadilisha neno la siri na ujumbe unaenda kwenye sanduku ambalo hakuna anayelifungua. Anaandika msimbo wa kozi kwa kukariri. Msimbo una tarakimu saba, na kozi yenye jina lile lile kwenye chuo kingine ina msimbo mwingine. Tarakimu moja ikiteleza, mtoto aliyetaka Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi anajikuta amepangiwa ng'ambo ya Bonde la Ufa. Kisha anabonyeza kuwasilisha mwanafunzi akiwa nje anajibu simu. Kaa kitini mpaka mwisho, soma jina la kozi na la chuo kwa sauti kwenye kila nafasi, na usiondoke bila karatasi iliyochapishwa yenye machaguo yote sita.

Uangalie pia kama chuo ni cha umma au cha binafsi. KUCCPS hupanga wanafunzi kwa vyote viwili, na majina ya kozi hufanana. Kiwango cha chini kinachovutia wakati mwingine ni cha chuo cha binafsi, ambako chini ya mpango wa ufadhili ulioanza 2023 mwanafunzi anaweza kuomba mkopo lakini hapati ule ufadhili wa serikali usiorudishwa. Mhudumu wa saiba hatakwambia hilo usipouliza. Ombi la fedha nalo ni la kivyake, kwenye lango la HEF, lile la ufadhili wa elimu ya juu. Kupata nafasi ya chuo hakuleti pesa yenyewe, na tumeona mabango yanayouza vyote viwili kwa bei moja kisha la pili halifanywi.

Sasa machaguo sita, ambayo ndiyo sehemu inayostahili kulipiwa. Nafasi zimeandikwa 1a, 1b, 1c, 2, 3 na 4. Mfumo unazipitia kwa mpangilio uliouweka. Ukipata nafasi ya juu, za chini haziguswi. Kosa la woga ni kuweka kozi ya uhakika kwenye 1a. Mtoto mwenye 41 anaweka kozi iliyoishia 33 juu kabisa "ili asikose", anaipata, na Sheria aliyoiweka 1c haitazamwi tena. Kosa la tamaa ni kujaza zote sita kwa kozi moja ya ndoto kwenye vyuo vikubwa: Sheria Nairobi, Sheria Kenyatta, Sheria Moi, Sheria JKUAT na kadhalika, zote zikiwa juu ya pointi zake. Anakosa zote, na raundi inayofuata anachagua kwenye mabaki, ambako kozi za ushindani huwa zimeshajaa.

Kwa mwanafunzi wetu, tukichukulia lango limempa kitu kama 40 kwa Sheria badala ya 41.95 ya simu, tungeweka 1a kwenye Sheria ya chuo ambacho kiwango chake kiko juu kidogo ya 40, 1b na 1c kwenye Sheria za vyuo vilivyoishia pale pale au chini kidogo. Nafasi ya 2 na ya 3 tungezipa kozi za klasta nyingine anazozitaka kweli na ambazo pointi zake zinazidi kwa mbili hivi. Kwa Biashara ya A- na Dini ya A, ana milango mipana kwenye masomo ya biashara na ya sayansi ya jamii. Ya 4 iwe kozi anayoweza kuisoma bila kinyongo na ambayo kiwango chake kiko chini mno ya pointi zake. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor, kile cha Pwani, na cha Taita Taveta kule Voi, huwekwa na wengi kwenye nafasi hii kwa sababu ya ukaribu, na si vibaya; gharama ya kulala nyumbani na gharama ya kupanga chumba Nairobi si hesabu moja. Ila pointi za klasta hubadilika kutoka klasta moja hadi nyingine. Mwenye 40 ya Sheria anaweza kuwa na 37 kwenye klasta ya kozi iliyo jirani nayo. Kila nafasi ipimwe kwa pointi za klasta yake.

Mhudumu anayeweza kukaa na mwanafunzi dakika arobaini na kufanya hivyo anastahili hata mia tano na soda. Mwalimu wa ushauri shuleni hufanya hivyo bure, na shule nyingi humkaribisha mwanafunzi wake aliyemaliza. Ni ajabu jinsi watu wanavyompita wakienda kulipa mjini. Pia kuna dawati la huduma za KUCCPS kwenye Huduma Centre, ambako tatizo la kuingia kwenye akaunti hutatuliwa vizuri kuliko saiba yoyote, ingawa mistari ya wiki ya mwisho si ya mchezo.

Washauri wa WhatsApp tutawapitia haraka. Wanaouza "uwezekano wa asilimia 85" hawana hesabu yoyote ya kuzalisha hiyo 85. Wamechukua pointi za kikokotoo, wakatoa kiwango cha mwaka juzi, wakapaka rangi. Wanaouza "nafasi" kwa kumjua mtu ndani, wakitaka elfu kadhaa kabla ya matokeo ya upangaji, wanacheza mchezo rahisi: watoto wengi wanapangiwa kozi hata hivyo, na aliyepata humshukuru. Aliyekosa anaambiwa ashughulikie uhamisho.

Na uhamisho wenyewe una sheria zake. Lango la kuhama kutoka chuo kimoja hadi kingine hufunguliwa baada ya upangaji, na anayeomba lazima awe amefikisha kiwango cha mwisho cha kozi anayoiendea kwa mwaka ule ule, na chuo kiwe bado kina nafasi. Mwenye 38 hahamii kozi iliyofungwa kwa 41, na mtu aliyelipwa ili kumsukumia ombi hilo ataijaza fomu ile ile ambayo mwanafunzi angeijaza mwenyewe.